Beseni

Kioo cha saluni, futi nne kwa mbili,
kimeviringishwa blanketi la kijivu,
Sundi amekikumbatia nyuma yangu
kama mtoto anayetoka kuchomwa sindano.
"Usikimbie," akasema Kirumba.
"Usikimbie," akasema Pasiansi.
Tulipouacha uwanja wa ndege nikamjibu
kwamba barabara hii naijua hata nikiwa usingizini.
Igombe ikajibu kwa niaba yake:
psssss.

Kiuno cha pikipiki kikalegea,
rimu ikaanza kutafuna changarawe.
Nikashuka, nikalitazama tairi la nyuma
kama unavyomtazama mdeni wako akijifanya amelala.
Mwiba wa mgunga. Mmoja tu,
umezama mpaka shingoni.

Na asubuhi ile ile, kijiweni, mbele ya Lugata na wenzake,
nilikuwa nimeapa chombo changu hakijawahi kunilaza njiani.
Chai niliyonywea kiapo hicho
ilikuwa haijashuka tumboni.

Chini ya kiti: spana kumi na tisa, vijiko viwili vya tairi,
pampu ya baiskeli, kipande cha msasa,
na gundi ya viraka
iliyokauka ndani ya mrija wake, ngumu kama kucha ya babu.

Kioo tukakiegemeza kwenye jiwe.
Mwanza utakosa maji bombani,
jiwe la kuegemezea kitu hukosi.
Blanketi likateleza,
ng'ombe wa watu wakaja kujitazama.
Majike wakaridhika, wakaenda zao.
Dume likamwona dume,
likainamisha pembe,
na Sundi akalirushia ndala, ya kulia, kisha ya kushoto,
huku akilitukana Kisukuma kwa heshima zote.

Nikatoa tyubu. Nikaivaa begani kama nyoka niliyemuua,
tukashuka hadi majini, yeye peku.

Fundi wa mjini ana beseni la plastiki
lenye maji meusi na kitako cha sigara.
Sisi tulikuwa na Nyanza yote.
Nikajaza upepo, nikazamisha, nikageuza.
Kimya.
Nikageuza.
Kimya, na furu wawili wakija kukagua.
Nikageuza tena, na mapovu yakapanda,
madogo, yamefuatana, ushanga unaokatika kuelekea juu.
Ziwa linalonywesha nchi tatu
lilikuwa limeacha kazi zake zote
linionyeshe tundu dogo kuliko punje ya ulezi.

"Hapa," akasema Sundi. Kidole chake kilitangulia changu.
"Gundi?"
Nikatazama visiwani.
"Nimekuuliza gundi."
Nikamwonyesha mrija.

Hakusema kitu, na hilo lilikuwa kubwa kuliko kusema.
Akafungua mkoba wa kazi:
vitana, mafuta ya mgando, uzi mweusi wa kusukia.
Akalibana tundu kwa vidole viwili,
akalivuta likasimama kama kishungi,
akazungusha uzi, akazungusha,
akakaza kwa meno, akakata.
"Vuta upepo."
Nikavuta. Tukazamisha.
Ziwa halikuwa na la kusema.

"Huu mtindo gani?"
"Twende kilioni," akanijibu. "Wa haraka.
Ukitaka wa kudumu, lete gundi."

Tukaondoka polepole. Kila gurudumu likizunguka
lile fundo lilikanyaga chini, tu,
na kioo, ambacho sasa hakikuwa na blanketi
(blanketi alikuwa amelikalia),
kiliruka kidogo, tu,
na ziwa ndani yake likaruka, na mawe yakaruka,
tu, tu, mpaka Kayenze.

Vijana wa pale wakanizunguka.
"Pancha? Nani kakuzibia?"
"Kuna fundi mmoja," nikasema, "kule Igombe."
Mwiba niliutaja. Uzi sikuutaja.
Sundi alikuwa anashuka, kioo kifuani,
uso wake haukuonekana,
palionekana wa kwangu tu, una grisi mpaka puani,
na nyuma ya ule uso wangu
mtu anacheka.

Nauli alinipa nusu.
"Nimekata ya kusuka," akasema,
akaniachia mlango niushike.